KARL JASPERS: DAKTARI ALIYEKATAA KUWAPANGA WATU KWA MAFUNGU

Katika toleo hili la kumbukumbu, ambamo tunawakumbuka wenzetu waliotutoka tangu tulipovuka mpaka, Kamati imetuomba sisi walimu tuandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani ambaye habari zake zinaweza kutufaa. Huenda wengi mlitegemea kusoma juu ya mpigania uhuru au mkuu wa nchi. Sisi tumemchagua mgonjwa wa mapafu aliyekuwa daktari wa wagonjwa wa akili, akageuka kuwa mwalimu wa falsafa, na kwa miaka kumi na miwili akaishi katika nchi yake mwenyewe kama mtu asiyetakiwa. Jina lake ni Karl Jaspers, Mjerumani.

Sababu ya kumchagua ni hii. Hapa kambini tumezoea kuhesabiwa. Tunahesabiwa kwa kadi ya mgao, kwa idadi ya watu katika familia, kwa zoni na kwa mwaka wa kuingia. Kuhesabiwa si kosa, kwa maana bila hesabu unga haugawanyiki. Lakini ipo hatari ya kuzoea kumwona mtu kama nyanya iliyopangwa kwenye fungu sokoni, ambapo hakuna anayeuliza habari za nyanya moja, anauliza bei ya fungu tu. Sisi wenyewe tunafanyiana hivyo. Tunasema wale wa upande ule wako hivi, na wa kabila fulani wako vile. Maisha ya Jaspers, tangu hospitalini hadi uzeeni, yalikuwa ni kupingana na mazoea hayo.

UTOTO NA UGONJWA

Jaspers alizaliwa tarehe 23 Februari 1883 katika mji wa Oldenburg, kaskazini mwa Ujerumani, karibu na bahari. Baba yake alikuwa mwanasheria na baadaye mkurugenzi wa benki. Nyumbani hawakukosa kitu, lakini mtoto alikuwa dhaifu tangu utotoni. Alipofikia umri wa miaka 18, daktari mmoja aitwaye Albert Fraenkel aligundua kwamba mirija yake ya hewa ndani ya mapafu ilikuwa imepanuka na kujaa makohozi, na moyo nao ulikuwa umeathirika. Ugonjwa huo haukuwa na dawa ya kuuponya. Vitabu vya tiba vya wakati ule viliwatabiria wagonjwa wa aina yake kufa kabla ya kufika miaka arobaini.

Kijana huyu hakukata tamaa, wala hakujifanya mzima. Alijiwekea utaratibu mkali: kuyatoa makohozi kila siku kwa saa maalumu, kulala mapema, kutokwenda karamu za usiku, na kusoma huku amejinyosha kitandani. Kwa utaratibu huo aliishi miaka 86. Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuonja maana ya kuandikwa katika kitabu kama mtu ambaye mwisho wake unajulikana. Kitabu kilisema habari za kundi la wagonjwa. Habari zake yeye kilishindwa kuzijua.

Alianza kusoma sheria, akaiacha. Mwaka 1902 akaingia katika masomo ya udaktari, akasoma Berlin, Göttingen na Heidelberg. Mwaka 1908 akaanza kufanya kazi katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Chuo Kikuu cha Heidelberg, chini ya Profesa Franz Nissl, aliyesifika kwa uchunguzi wa ubongo kwa darubini. Kwa kuwa afya yake haikumruhusu kushika zamu kama madaktari wengine, alikubaliwa kuwa msaidizi wa kujitolea, bila mshahara. Hasara hiyo ikamletea faida, kwa sababu alipata nafasi ya kukaa na mgonjwa mmoja mmoja kwa saa nyingi, kumsikiliza na kuandika.

WASICHANA WALIOKUMBUKA NYUMBANI

Andiko lake la kupata shahada ya udaktari, lililotoka mwaka 1909, lilihusu simanzi ya kukumbuka nyumbani na uhalifu unaoweza kutokana nayo. Alikusanya kesi za wasichana wadogo waliotolewa vijijini kwao kwenda kuwa mayaya katika nyumba za watu. Baadhi yao walichoma moto nyumba ya tajiri wao. Wengine, jambo la kutisha zaidi, walimuua mtoto waliyepewa kumlea. Watu walishangaa, maana wasichana hao walijulikana kuwa wapole, na hawakuwa na ugomvi na mtu.

Jaspers aliyafuata maisha ya kila mmoja: alitoka wapi, aliondoka kwao akiwa na umri gani, alilala wapi, aliacha lini kula, alimwambia nani kwamba anataka kurudi, na alijibiwa nini. Ndipo ikaonekana kwamba katika akili ya kitoto ya msichana yule mlikuwa na wazo moja tu: mtoto asipokuwapo, au nyumba isipokuwapo, kazi itakwisha na yeye atarudishwa kwa mama yake. Jaspers hakusema kwamba kosa si kosa. Alitaka tu hakimu na daktari wajue ni nani aliyesimama mbele yao kabla ya kumwita shetani au mwendawazimu.

Sisi walimu tulipoijua habari hii tulijiona. Kulikuwa na mvulana mmoja darasani kwetu aliyekaa miezi miwili bila kuandika neno. Tulimwandika mvivu kwenye daftari la mahudhurio, na adhabu tukampa. Baadaye jirani ndiye aliyetueleza kwamba mtoto yule kila siku alikuwa akihesabu milima iliyokuwa kati ya kambi na kwao, akiogopa kwamba akijifunza kusoma hapa ataonekana amekubali kubaki. Hatukuwa tumemuuliza. Tulikuwa na fungu la wavivu, naye tukamtia humo.

KUELEZA NA KUELEWA

Mwaka 1913, akiwa na umri wa miaka 30 tu, Jaspers alitoa kitabu kikubwa juu ya elimu ya maradhi ya akili kwa jumla. Wakati huo madaktari wengi waliamini kwamba ugonjwa wa akili ni ugonjwa wa ubongo na basi, na kwamba siku moja darubini itaonyesha kila kitu. Jaspers hakuudharau ubongo. Alikataa tu kusema yale ambayo darubini haikuwa imeyaonyesha.

Alitenganisha kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Kazi ya kwanza ni kueleza chanzo, kama vile tunavyosema kwamba malaria ikipanda kichwani mgonjwa huweweseka. Hapo hatuhitaji kujua maisha yake, tunahitaji kupima damu. Kazi ya pili ni kumwelewa mtu, yaani kujiweka mahali pake na kuona jinsi jambo moja moyoni mwake linavyozaa jingine. Mama akisikia radi usiku akawakusanya watoto na kukimbilia porini, vipimo vya damu havitasema kitu. Lakini mtu akiujua usiku ule alioondokea kwao, atamwelewa mara moja. Jaspers alifundisha kwamba daktari anazihitaji kazi zote mbili. Anayeeleza tu humfanya mgonjwa kuwa kitu, na anayetaka kuelewa tu anaweza kumnyima mgonjwa dawa.

Hali kadhalika aliwataka madaktari waandike kwa uangalifu kile mgonjwa anachokiona na kukisikia kwa namna mgonjwa mwenyewe anavyokieleza, bila kukimbilia kutia maoni yao. Akaonya kwamba mtu siku zote ni zaidi ya yale yote yanayoweza kujulikana juu yake. Kitabu hicho kilichapishwa tena na tena, na mpaka leo madaktari wa akili hujifunza kutoka kwake.

Hata hivyo, haki lazima isemwe. Jaspers aliamini kwamba mambo mengine ya wendawazimu, kama zile imani zisizotikisika za mtu anayeona dunia yote imegeuka na inamsema yeye, hayawezi kueleweka kabisa na mtu mwingine. Madaktari waliokuja baada yake walimlaumu kwamba mpaka huo aliuweka karibu mno, na kwamba kwa uvumilivu zaidi baadhi ya mambo hayo hueleweka. Nasi tunaona lawama hiyo ina uzito.

KUTOKA HOSPITALINI HADI FALSAFA

Mwaka huo huo wa 1913 alipata idhini ya kufundisha saikolojia katika kitivo cha falsafa hapo Heidelberg, na baada ya miaka michache akaiacha hospitali. Mwili wake haukuiweza kazi ya wodini. Pia maswali aliyoyapata kwa wagonjwa yalikuwa yamevuka mipaka ya tiba. Mwaka 1919 alitoa kitabu juu ya namna mbalimbali ambazo binadamu huitazama dunia, na mwaka 1922 akawa profesa kamili wa falsafa. Baadhi ya wenzake hawakufurahi. Profesa Heinrich Rickert, mwenye jina kubwa pale, hakumhesabu kuwa mwanafalsafa, kwa vile hakuwa amepita katika njia ya kawaida ya masomo hayo. Jaspers hakujibizana. Alikaa karibu miaka kumi akisoma na kufundisha, akichapisha machache, kisha mwaka 1932 akatoa kitabu chake kikuu cha falsafa katika sehemu tatu.

Katika mafundisho yake liko moja ambalo sisi tuliovuka mipaka hatuhitaji kufafanuliwa sana. Alisema zipo hali ambazo binadamu hawezi kuzikwepa wala kuzibadilisha kwa ujanja: kifo, mateso, mapambano na hatia. Aliziita hali za mpakani, kwa maana ndani yake mtu hufika pale ambapo elimu yake na mali yake havimvushi. Hapo mtu anaweza kujidanganya, au anaweza kuamka na kuwa yeye mwenyewe. Aliongeza kwamba hakuna awezaye kuwa yeye mwenyewe akiwa peke yake. Yahitaji mazungumzo ya kweli baina ya mtu na mtu, ambamo kila mmoja hujifunua na kukubali kuulizwa, bila kutaka kumshinda mwenzake.

MIAKA YA GIZA

Mwaka 1910 Jaspers alikuwa amemwoa Gertrud Mayer, dada wa rafiki yake Ernst. Gertrud alikuwa Myahudi. Walipendana sana, na kila alichokiandika mumewe alikisoma na kukijadili naye. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, jambo hilo moja likatosha kumtia mume katika fungu. Aliondolewa kwanza katika uongozi wa chuo kikuu. Mwaka 1937 alinyang'anywa kazi ya kufundisha, na tangu mwaka 1938 hakuweza tena kuchapisha vitabu. Rafiki yake Martin Heidegger, mwanafalsafa mwenye sifa, alijiunga na chama cha Wanazi. Marafiki wengine waliacha kupita nyumbani kwake.

Katika miaka hiyo ndipo ilipoonekana wazi mwisho wa njia ya kuwapanga watu kwa mafungu. Wagonjwa wa akili waliandikwa katika orodha kama watu ambao maisha yao hayana thamani, na katika miaka ya 1940 na 1941 zaidi ya 70,000 kati yao waliuawa kwa gesi. Profesa Carl Schneider, aliyekuwa mkuu wa hospitali ile ile ya Heidelberg ambamo Jaspers alijifunza kusikiliza mgonjwa mmoja mmoja, alikuwa miongoni mwa madaktari walioshiriki mpango huo. Wayahudi waliuawa kwa mamilioni.

Wakati wa vita ilipatikana nafasi ya Jaspers kuhamia Uswisi, lakini kwa sharti kwamba mke abaki Ujerumani. Jaspers alikataa. Hakuna haja ya kutia maneno mengi hapa, kwani wako kati yetu waliowahi kuambiwa kwamba gari lina nafasi ya mtu mmoja. Wawili hao wakabaki, wakaweka sumu tayari nyumbani, wakakubaliana kwamba wakijiwa watakufa pamoja. Baadaye walipata habari kwamba kukamatwa na kusafirishwa kwao kulikuwa kumepangwa tarehe 14 Aprili 1945. Majeshi ya Marekani yaliingia Heidelberg yapata wiki mbili kabla ya siku hiyo.

SWALI LA HATIA

Vita vilipokwisha, dunia nzima iliwanyoshea kidole Wajerumani wote. Jaspers, ambaye angeweza kukaa kando na kusema kwamba yeye alikuwa miongoni mwa walioonewa, alisimama mbele ya wanafunzi katika majira ya baridi ya 1945 na 1946 akafundisha juu ya hatia. Wengi wa wanafunzi hao walikuwa wametoka jeshini, wana njaa, na miji yao ilikuwa magofu. Masomo hayo yalichapishwa kuwa kitabu mwaka 1946.

Alitenganisha hatia nne. Ya kwanza ni ya jinai: aliyeua ashitakiwe na mahakama, kwa ushahidi, yeye kwa jina lake. Ya pili ni ya kisiasa: raia wote hubeba matokeo ya matendo ya serikali yao na hupaswa kulipa fidia, lakini hilo halimfanyi kila raia kuwa muuaji. Ya tatu ni ya kimaadili: kila mtu ajiulize mbele ya dhamiri yake alifanya nini, alinyamaza wapi, alifaidika na nini, wala kutii amri hakumsafishi. Ya nne ni ile ya mtu aliyebaki hai pale ambapo wenzake waliuawa, naye hakuyatoa maisha yake kuwazuia wauaji. Hii haihukumiwi na mahakama wala na jirani, bali ni ya Mungu peke yake. Jaspers alijihesabu mwenyewe ndani ya hatia hii, kwani marafiki zake Wayahudi walipochukuliwa yeye aliendelea kuishi.

Tazameni alivyofanya. Aliwakatalia walioshinda kusema kwamba taifa zima ni wahalifu, kwa sababu taifa haliwezi kukaa kizimbani, watu ndio hukaa. Wakati huo huo aliwakatalia wenzake kujificha nyuma ya neno sote, maana aliyesema sote tuna hatia alitaka mara nyingi kusema kwamba hakuna mwenye hatia. Hata kwa Heidegger alifuata njia hiyo. Alipoombwa maoni mwaka 1945, alishauri azuiliwe kufundisha kwa miaka kadhaa, lakini apewe riziki ya kuendelea kuandika.

Wengi hawakumpenda kwa maneno hayo. Waliotaka kusahau walimwona msumbufu, na waliotaka kulipiza kisasi walimwona mpole mno.

MWISHO WAKE UGENINI

Mwaka 1948 Jaspers na Gertrud walihamia Basel, Uswisi, naye akafundisha huko hadi mwaka 1961. Uhusiano wake na mwanafunzi wake wa zamani, Hannah Arendt, ulidumu. Arendt alikuwa Myahudi aliyepata shahada ya udaktari wa falsafa chini yake mwaka 1928. Alikimbia Ujerumani mwaka 1933, akafungiwa katika kambi ya Gurs huko Ufaransa mwaka 1940, akafika Marekani mwaka 1941, na hakuwa na uraia wa nchi yoyote mpaka mwaka 1951. Mara baada ya vita, mkimbizi huyo ndiye aliyemtumia mwalimu wake vifurushi vya chakula. Sisi tunaopokea mgao tusisahau kwamba katika historia iko pia siku ambayo mkimbizi alimlisha mtu aliyebaki nyumbani.

Mwaka 1958 Jaspers alipewa Tuzo ya Amani ya wachapishaji na wauza vitabu wa Ujerumani, na Arendt ndiye aliyesimama kumsifu. Mwaka 1966 alitoa kitabu cha kuionya Ujerumani Magharibi juu ya mwenendo wake wa kisiasa, akalaumiwa vikali, na mwaka 1967 akachukua uraia wa Uswisi. Alifariki Basel tarehe 26 Februari 1969, siku ambayo mkewe alikuwa akitimiza miaka 90. Gertrud alimfuata mwaka 1974.

YATUHUSUYO SISI

Ndugu wasomaji, hatukuandika haya ili tumsifu Mzungu wa mbali. Mwaka 1908 Jaspers alipoingia hospitalini, serikali ya nchi yake ndiyo iliyokuwa ikiwatawala mababu zetu katika Burundi, Rwanda na Tanganyika, ikiwaandika na kuwapanga kwa namna ambazo zilituachia majeraha. Tumeyaandika kwa sababu kazi aliyoianza ipo mikononi mwetu.

Kwa wafanyakazi wa mashirika tunaomba neno moja. Mama akija kliniki mara nne kwa kichwa kisichopona, pamoja na vidonge apatiwe pia kiti na dakika kumi za kuulizwa ametoka wapi. Na sisi walimu tumekwisha kubadili desturi yetu. Kabla ya kumwandika mtoto mkorofi, mmoja wetu hupita kwao.

Kwa sisi wakazi, neno ni zito zaidi. Siku tutakayorudi, au hata hapa hapa tunapoteka maji bomba moja na watu ambao ndugu zao waliwakimbiza ndugu zetu, tutakutana na swali la hatia. Aliyeua ana jina, na jina hilo lipelekwe mbele ya sheria. Mtoto wa aliyeua ana jina lake jingine. Na yule miongoni mwetu ambaye hapati usingizi kwa kuwa alikimbia akamwacha mzazi mlangoni, asihukumiwe na jirani, bali akaribishwe aketi na aseme.

Katika ukurasa ufuatao yako majina ya marehemu wetu. Tuliiomba Kamati isiandike idadi yao juu ya orodha, nayo ilikubali. Tunawaomba mwasome mmoja mmoja.